Goti na sankhara
Jamani nimetoka kozi ya vipassana (kutafakari kwa Kibuddha) siku 10, ile ya mzee Goenka, mwalimu aliyeieneza duniani, unaamka saa kumi alfajiri, huongei na mtu, siku 3 za mwanzo unatazama pumzi tu puani. Sina shida na hayo, tena usingizi wangu umekuwa mtamu ajabu. Kilichonishinda ni mahubiri ya jioni, eti maumivu yakija ukayatazama bila kuyachukia basi ni sankhara za zamani, yaani alama za tamaa na chuki zilizojikusanya ndani yako, zinatoka, hata za maisha yaliyopita. Mchana nikaenda kwa mwalimu nikamuuliza, sasa goti langu linauma kwa sankhara au kwa sababu nimekaa saa nzima sijajigeuza? Akatabasamu, akasema endelea kutazama. Haya. Shoga yangu anafuata njia ya Mahasi, mwalimu mwingine wa vipassana, wao wanatazama tumbo linavyopanda na kushuka, na hilo fundisho la kutoa sankhara mwilini hawalisisitizi hivyo, na wote chimbuko lao ni Burma hiyohiyo! Buddha mwenyewe si aliwaambia Wakalama, watu wa India ya kale, wasikubali jambo kisa tu mwalimu kasema? Nakaa nusu saa kila asubuhi bado, ila kwenye kiti.