Tasnifu Isiishie Kwenye Sidii

Msimu wa mahafali unakaribia na mimi najua kabisa kitakachofuata. Tutapokea tena maboksi ya tasnifu zimejaladiwa vizuri, maandishi ya dhahabu mgongoni, halafu ukifungua jalada la nyuma unakuta kamfuko kamebandikwa na ndani yake kuna sidii, na hiyo sidii ndo inahesabika kuwa nakala ya kielektroniki, mwanafunzi anasainiwa kliaransi yake anaondoka. Sasa hiyo sidii nani anaisoma? Laptopu nyingi za siku hizi hazina hata pa kuiingizia. Na hizi sidii za kuchoma zikikaa miaka kwenye joto na vumbi zinaanza kugoma kufunguka. Mtu aliyeko Karatu au Same anayeihitaji hiyo kazi, kwake ni kama haijaandikwa kabisa.

Niko maktaba ya chuo hapa Moshi, shughuli yangu ni kupokea tasnifu za masta na PhD, kuziingiza kwenye repozitori yaani ile hifadhi yetu ya mtandaoni, na kuhakikisha mtu akitafuta anazipata. Naipenda sana hii kazi ndo maana nitasema kwa ukali kidogo.

Chukua suala la floraidi, madini yanayopatikana kwenye maji. Ukanda wa Meru huko, Ngaramtoni, Usa River, Maji ya Chai, watu wengi wamekua na meno ya kahawia kwa sababu ya maji, na wengine mifupa imeathirika. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na huko kuna chemchemi na visima vinavyozidi hapo kwa mbali. Utafiti umefanyika miaka na miaka, kuna kituo cha Ngurdoto kilichohangaika na chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kuna wanafunzi wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru walioandika tasnifu kuhusu hayo hayo maji. Na Tengeru wameziweka kwenye repozitori yao, unaifungua unasoma. Mwalimu wa sekondari Usa River mwenye simu na bando la kawaida anaweza kusoma kilichopimwa kwenye maji ya eneo lake. Hicho ndo ninachokitaka kwa kila chuo, maana utafiti ulifanywa kwa maji ya watu, muda wa watu, na mara nyingi hela ya mkopo au ufadhili, halafu majibu yanafungiwa kwenye shelfu.

Na teknolojia yenyewe siyo ngeni. Virginia Tech kule Marekani walianza kuwalazimisha wanafunzi wawasilishe tasnifu kielektroniki tangu 1997. DSpace, programu inayotumiwa na vyuo vingi hapa kwetu, ilitoka 2002, wameitengeneza chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya HP, na leseni hailipiwi. India kanuni za 2009 zikataka tasnifu za PhD ziwasilishwe kielektroniki, na leo hifadhi yao ya Shodhganga ina tasnifu laki kadhaa, kazi nzima nzima. Hata Umoja wa Vyuo Vikuu vya Afrika wenye makao Accra waliliona hili mapema wakaanzisha DATAD, kanzidata ya tasnifu za Afrika, ila yenyewe ilijikita zaidi kwenye taarifa na ikisiri, yaani muhtasari wa kazi, na ikisiri peke yake haimshibishi mtu. Seva ina gharama, umeme una gharama, mtu wa IT wa kuapdeti mfumo lazima awepo, sikatai. Lakini nikitazama hifadhi nyingi zilizokufa naona siyo seva iliyoziua, ni kwamba hakuna aliyekaa chini akaielezea kila kazi inavyostahili.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo pananiuma. Tasnifu ikishafika kwangu inabidi ijaziwe taarifa zake: mwandishi, msimamizi, mwaka, idara, maneno ya kutafutia, lugha, haki ya matumizi. Ukijaza vizuri, Google Scholar na mitambo mingine inakuja kuchukua hizo taarifa yenyewe, na kazi inaanza kuonekana duniani. Ukijaza hovyo, imezikwa. Fikiria jina tu. Hapa Kilimanjaro andika "Mushi, J." uone wanaokuja, na Massawe hivyo hivyo, Lyimo, Swai, Kimaro. Kuna Mushi wa kahawa, Mushi wa famasia, Mushi wa ushirika, na wote ni J. Mfumo unawachanganya unawafanya mtu mmoja, au mtu mmoja anagawanywa kuwa watatu kwa sababu kwenye masta aliandika majina mawili na kwenye PhD matatu. Dawa ipo, inaitwa ORCID, namba ya mtafiti yenye tarakimu 16, ipo tangu 2012, kujisajili ni bure na unamaliza ukiwa umesimama kwenye foleni ya benki. Mimi kila mwanafunzi anayekuja namwambia asiondoke hajaitengeneza.

Halafu maneno ya kutafutia. Mtu ameshinda Siha miezi akihoji wafugaji, maneno ya kutafutia anaweka "maendeleo", "changamoto", "Tanzania". Nani atatafuta hivyo? Weka Siha. Weka jina la ugonjwa, jina la zao, jina la kata. Ndivyo afisa mifugo anavyotafuta.

Faili lenyewe nalo. Linakuja limeitwa "FINAL FINAL corrected 2", sura ya nne iko kwenye faili lingine, ukurasa wa sahihi umepigwa picha kwa simu umelala ubavu. Nataka PDF moja, ikiwezekana ile aina ya PDF/A iliyotengenezwa kwa ajili ya kutunza kwa muda mrefu, inabeba fonti zake ndani ili miaka 20 ijayo ifunguke ilivyo. Na zile tasnifu za zamani tunazoskani, tusiishie kupiga picha kurasa tukaita kazi imeisha, lazima maandishi yatambuliwe na kompyuta, vinginevyo ni picha tu, na mtambo wa kutafuta unaweza usisome neno hata moja ndani yake.

Na viambatisho jamani, viambatisho! Kabla sijaaplodi kitu huwa naanzia nyuma. Nimeshakuta fomu za ridhaa zimeskaniwa na sahihi za wagonjwa, namba za simu za waliohojiwa, jina la kijiji pamoja na jina la mama mwenye ugonjwa ambao hakumwambia hata dada yake. Kwenye shelfu ilikuwa hatari ndogo, mtandaoni ni hatari kubwa. Hizo zinatolewa, fomu tupu inabaki, na msimamizi anapaswa kuliona kabla yangu.

Sasa tuje kwenye uoga. Kila mwaka wapo wanaonijia pembeni. "Dada, naomba uweke ikisiri tu, ndani usifungue, wataniibia." Namuelewa, kahangaika, anaogopa kuona kazi yake kwa jina la mtu mwingine. Namjibu hivi: mdogo wangu, anayeiba anapenda kazi isiyoonekana. Nakala iliyo kwenye shelfu mtu akiinakili yote, nani atajua? Ikiwa mtandaoni ina jina lako, ina tarehe, ina linki ya kudumu, na programu za kukagua wizi wa maandishi zinaweza kuikuta. Wengine wanahofia kwamba jarida halitapokea makala iliyotokana na tasnifu iliyo wazi. Majarida mengi hayana shida na hilo, ila soma masharti ya jarida lako kwanza, na kama linakataa, tunafunga kwa muda, mwaka mmoja au miwili, halafu inafunguka yenyewe tarehe ikifika. Kuna pia mwenye ugunduzi anaotaka kuuombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, huyo namwambia tufunge kabisa mpaka amalize maombi, maana ukishautangaza unaweza kupoteza haki. Kwa hiyo kufunga kuna sababu zake za maana na mimi naziheshimu, nisichokubali ni kufunga milele kwa mazoea.

Jambo lingine wakubwa wa vyuo walisikilize. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na hifadhi yao ya tasnifu iitwayo EThOS, iliyokuwa na rekodi zaidi ya laki tano, ikazimika kwa muda mrefu sana. Uingereza hiyo, wenye hela na wataalamu. Kilichowaokoa wasomaji ni kwamba tasnifu nyingi zilikuwa pia kwenye hifadhi za vyuo vyenyewe. Sasa chuo chenye seva moja, chumba kimoja, na bakapu kwenye diski iliyo juu ya seva hiyo hiyo, radi ikipiga siku moja ya masika mnabaki na nini? Nakala ya pili ikae jengo lingine, ya tatu mkoa mwingine. Vyuo vya Moshi na Arusha viko karibu kiasi kwamba vingeweza kutunziana nakala, ni makubaliano tu ya wakuu wa maktaba.

Na ombi langu kubwa zaidi, ambalo najua wengine mtalipinga: kila tasnifu iwe na ukurasa mmoja wa ikisiri kwa Kiswahili, hata kama kazi nzima ni ya Kiingereza. Yule mama wa Kibosho aliyekupa saa mbili za kuhojiwa kuhusu migomba yake ana haki ya kusoma ulichokikuta. DSpace inaruhusu kuingiza ikisiri zaidi ya moja na kutaja lugha ya kila moja, kwa hiyo kisingizio cha mfumo hakipo.

Kama unamaliza mwaka huu, njoo maktaba kabla hujaenda kujaladi, siyo baada. Njoo na flashi yenye PDF moja, namba yako ya ORCID, na barua pepe yako binafsi maana ile ya chuo inaweza kufungwa ukishaondoka. Fomu ya ruhusa tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, uchague mwenyewe leseni gani unaitaka, yaani masharti ya wengine kuitumia kazi yako, na kama kuna kiambatisho kinachokutia wasiwasi nioneshe siku hiyo hiyo.