Uingereza ni gorogoro ngapi?

"Shangazi, ni kweli Waingereza walikukataa?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo Jumapili iliyopita, tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya Mama pale Manyatta, Kisumu, fomu yake ya shule mapajani. Yuko Gredi ya 9. Anatakiwa kuchagua njia moja kati ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo, na kwa kuwa kwetu mimi ndiye wa mashine, kesi zote za namna hiyo huletwa kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya fizikia. Hilo la Waingereza lilinikuta na chai mdomoni.

"Nani alikuambia?"

"Dani."

Dani mwenyewe, yaani nyanya yake, ndiye Mama, alikuwa jikoni, dirisha wazi, anakaanga omena. Nikamwambia mtoto angoje nimalize chai. Chai yenyewe ilikuwa imebaki tone.

Ule mwaka wa kukaa nyumbani baada ya kidato cha nne nimewachosha nao vya kutosha: kufundisha hesabu shule ya kutwa kwa malipo ya kununulia sabuni, jioni kwenda saiba kutuma maombi. Serikali ilikuwa imeniita chuo kikuu hapa hapa nchini nisomee ualimu. Mimi nilitaka mitambo. Baba alikuwa fundi wa reli, na nilipokuwa mdogo alikuwa akirudi na mikono isiyotakata kwa sabuni yoyote, akinieleza jinsi breki za behewa zinavyoshika upepo unapotoka kwenye mabomba, si unapoingia. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kupona.

Basi kufikia Machi 2013 nilikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza: mwaka mmoja wa msingi, kwa sababu KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, kwao haikutosha kuingia moja kwa moja, kisha miaka mitatu ya uhandisi wa mitambo. Karo, baada ya kupunguziwa, pauni 12,000 kwa mwaka. Ya pili ilitoka chuo kilicho karibu na Chennai, India: miaka minne moja kwa moja, dola 3,000 kwa mwaka. Ya Uingereza nilikuwa nimeichapisha kwa rangi. Ya India nyeusi na nyeupe. Sikujua wakati ule kwamba hapo nilikuwa nimeshasema yote.

Machi 30 ilikuwa Jumamosi ya mkesha wa Pasaka. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Nakuru na mkungu wa ndizi na gunia la viazi, na kaka yangu alikuwa nyumbani. Jioni hiyo Jaji Mkuu Willy Mutunga alisoma uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu kesi ya uchaguzi wa urais: ushindi wa Uhuru Kenyatta ubaki, kesi ya Raila Odinga itupwe. Hamhitaji niwaambie Kondele, mtaa jirani na ngome ya Raila, ilipokeaje. Mama alizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, akafunga mlango, akaegemeza meza nyuma yake. Kisha akakumbuka kwamba meza ndiyo tuliyokuwa tunataka kulia, akairudisha katikati na badala yake akaweka gunia la viazi la Mjomba.

Tukakaa. Nje watu walikuwa wanakimbia, kimya kinakuja, wanakimbia tena. Halafu ile gesi ya machozi ikaanza kupenya chini ya mlango. Mama alilowesha leso kwenye beseni na kutugawia kila mmoja pembe yake, kwa hiyo ilibidi tukae tumesogeleana, watu wazima wanne tumeshikilia leso moja kama watoto wanaocheza. Ilikuwa na maandishi ambayo siku hiyo nilikuwa nayo puani na bado sikuyasoma.

"Hatutoki leo," Mjomba akasema kupitia kitambaa. "Basi tuzungumze la huyu mtoto."

Barua zikawekwa mezani. Taa ya umeme ilikuwa imezimwa tusionekane, kwa hiyo kaka alimulika kwa simu yake ya mulika mwizi.

Mjomba alianza na Bodi ya Wahandisi. Yeye ana stashahada, amefunga mota za viwanda tangu kabla sijazaliwa, na kuna neno moja ambalo haruhusiwi kuliweka mbele ya jina lake. Sheria mpya ya wahandisi ilikuwa imeanza kufanya kazi miezi michache tu iliyopita, na alikuwa ameisoma yote, nadhani kwa uchungu. "Ukijiita mhandisi na Bodi haijakuandikisha, ni kosa la jinai," akasema. "Sasa hapa Kenya uhandisi ni miaka mitano. Wewe unakwenda kusoma mitatu. Hata huko kwao, hiyo mitatu peke yake haimfikishi mtu daraja lao la juu, wanataka wa nne au shahada ya pili. Umeuliza hilo?"

Sikuwa nimeuliza.

"Na India?" kaka akasema.

"India ni minne. Lakini vyuo ni vingi kama mchanga, na si vyote vimekaguliwa. Uulize kozi yenyewe imekaguliwa na nani. Usiulize chuo. Ulizia kozi." Hilo nililiandika nyuma ya barua, na ndilo la maana kuliko yote niliyoambiwa na mtu mwaka ule.

Kisha akaja kwenye pesa. Zamani, akasema, Waingereza walikuwa wanakuachia miaka miwili baada ya masomo ufanye kazi, ulipe madeni yako. Walikuwa wameufunga mlango huo Aprili 2012. Unamaliza, unafungasha. Na kabla ya viza pesa zilale benki siku 28 mfululizo bila kuguswa, waone kwamba si za kuazima.

"Ni ngapi?" Mama akauliza. Alikuwa hajasema kitu mpaka hapo.

Kaka akabonyeza simu. Pauni ilikuwa kama shilingi 130. "Milioni moja, laki tano na elfu sitini. Kwa mwaka. Hujala, hujalala."

Mama alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Alitikisa kama mtu anayetaka neno limshuke sikioni. Halafu akaachia pembe yake ya leso, akaenda kwenye kona palipokuwa na mizigo yake ya soko, akarudi na gorogoro. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, mdomo umekatwa vizuri na kukunjwa usikate mkono, rangi imebanduka yote isipokuwa sehemu ya chini. Magamba madogo ya omena yalikuwa yameganda kwa ndani na kung'aa chini ya ile tochi ya simu. Akautua juu ya barua ya Uingereza.

"Milioni siijui, haina sura," akasema. "Hii naijua. Nikiuza moja napata faida ya shilingi arobaini. Sasa niambie Uingereza ni gorogoro ngapi."

Kaka alimtazama Mjomba. Mjomba alitazama mlango.

"Elfu thelathini na tisa."

"Kwa siku?"

"Mia moja na saba."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, Mama. Hata Krismasi."

"Na miezi ya marufuku?"

Ilikuwa imebaki siku moja tu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai omena haivuliwi ziwani, na muuzaji huishi kwa akiba na kwa mungu wake. Kaka akapiga hesabu upya. Mia moja na sitini kwa siku. Mama alikuwa akiuza ishirini siku njema, na siku njema hazikuwa nyingi, maana mwezi ukiwa mpevu omena hazifuati taa za wavuvi.

"Wenzangu wanabonyeza kitako kipimo kipungue," akasema, akigeuza mkebe kutuonyesha chini yake, nyoofu kama siku ulipotoka dukani. "Nikibonyeza hiki utafika wapi?"

"Hapo Kericho tu," Mjomba akajibu.

Tulicheka. Gesi ilituingia tukakohoa, tukacheka tena, Mama machozi yanamtoka na sijui yalikuwa ya nini. Nje kitu kikalia kama bati linaloanguka. Tukanyamaza.

"Na India?"

Dola ilikuwa kama shilingi 86. Gorogoro elfu sita mia nne na hamsini. Ukiondoa miezi ya marufuku, ishirini na saba kwa siku.

"Ishirini naweza," Mama akasema. "Saba mtatafuta." Aliwaangalia kaka na Mjomba mmoja baada ya mwingine, na wote wawili wakakubali kwa kichwa, na mimi nilidhani tumemaliza.

Mama akauondoa mkebe. Ulikuwa umeacha duara la unyevu juu ya nembo ya chuo, nyekundu na bluu zimechanganyika. Akalifuta kwa ncha ya leso, taratibu, likazidi kuharibika.

"Lakini Wahindi si tunao hapa?" akasema. "Oginga Odinga Street nzima. Kama ni kuwaona, nimewaona. Baba yake alinunua shamba la Kajulu kwa pesa zake za mwisho za reli. Alisema ni la kumfikisha mtu mahali. Liuzwe. Nyathina, mwanangu, aende Uingereza."

Hesabu yote ile, kumbe alikuwa anataka tu kujua ukubwa wa mzigo kabla ya kuubeba.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mjomba alipata mnunuzi wiki moja baadaye. Mnunuzi akaja kupima kwa miguu, akasifu mawe, na wanaosifu mawe ya Kajulu ni wenye nia ya kujenga. Wiki hiyo hiyo nilikwenda saiba mjini, nikalipia nusu saa na kutumia dakika nne. Niliandikia chuo cha Uingereza kwamba nashukuru lakini sitakuja. Jibu lilirudi kabla sijasimama: wananitakia heri, na naomba nijaze maswali kumi na mawili wajue kwa nini. Nikafunga.

Mama alikuwa anachagua kokoto kwenye omena nilipofika.

"Wamesema nafasi zimejaa."

"Wameshaandika barua, halafu wanasema zimejaa?"

"Ndiyo, Mama."

Alifyonza. Tangu siku hiyo Uingereza haijapata nafasi nyumbani kwetu. Timu zao zikicheza anashangilia wapinzani. Kasri likitajwa redioni anabadilisha stesheni.

Nilijiambia kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya shamba. Ni kweli, na kuna siku ninaamini ni kweli yote. Siku nyingine nakumbuka kwamba niliogopa ile mia moja na saba, kulala ugenini huku nazihesabu, na kwamba ni rahisi kuokoa mali ya mtu kuliko kuibeba imani yake. Shamba lilikuwa lake. Uamuzi ulikuwa wake na alishauamua, hadharani, mbele ya kaka yake, na leso ikiwa mkononi. Nikaupindua kwa maneno matatu.

Chennai yenyewe sitaisimulia leo. Niseme tu kwamba siku ya tatu nilipotea nikatokea kwenye soko la samaki wakavu. Wanao wadogo wadogo, wanawaita nethili, wanauzwa kwa kupimwa kwenye mikebe. Nilisimama pale mpaka mama mwenye meza akaniuliza kwa ishara kama naumwa.

Mwaka 2015, nikiwa mwaka wa tatu, dola ilipita shilingi 100. Zile dola 3,000 hazikuongezeka hata senti, lakini gorogoro ziliongezeka, na hakuna aliyekuwa amezihesabu upya. Karo ililipwa kwa wakati. Nilikuja kujua kwa nini niliporudi nyumbani na kumpeleka Mama Kajulu, nikakuta ua wa seng'enge katikati ya shamba na nyumba ya mtu upande wa pili. "Nusu tu," Mama alisema, kama anayejibu swali dogo. "Ungejua ungesoma?"

Kwa hiyo hata shamba nililookoa, niliokoa nusu.

Mpwa wangu alikuwa bado ananingoja. Ameshika kalamu juu ya kisanduku cha STEM, hajaweka alama. Ana miaka kumi na minne na huwa anaambiwa na kila mtu kwamba amenifanana.

"Shangazi. Walikukataa?"

Mafuta jikoni yalinyamaza kidogo, jinsi yanavyonyamaza mtu akiondoa sufuria motoni ili asikie.

"Walisema nafasi zimejaa," nikamwambia.

"Na walikuwa wameshaandika barua!" Mama akadakia dirishani, mwiko mkononi. "Ya rangi!"