Ninavyopita mitaa ya mbwa wakali alfajiri

Mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Goba, Salasala na Madale, ina mbwa wa aina tatu, na kila aina ina namna yake ya kupitwa. Wapo mbwa wa ulinzi, wanaofungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku ndani ya uzio. Wapo wenye mwenyewe lakini wanashinda barabarani, kwa sababu nyumba haina uzio au geti halifungwi. Na wapo mbwa koko, wanaolala kwenye mapagale na kula jalalani na nyuma ya mabucha. Natembea kwa miguu alfajiri katika mitaa hii, na kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya usalama hupatikana kabla mbwa hajakuona. Akishakuwa mita tatu mbele yako, ya kufanya yanabaki machache.

Nianze na saa. Saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo. Mbwa wa ulinzi bado wako wazi, na ndiyo saa ambayo mlinzi anafungua geti ili gari la mwenye nyumba liwahi kabla ya foleni. Geti likifunguka, mbwa hutangulia kutoka kabla ya gari. Mbwa koko nao ndiyo kwanza wanatoka kwenye mizunguko yao ya usiku, wakiwa kundi. Na watu walioko barabarani saa hiyo ndio wasioweza kuahirisha: waendao sala ya alfajiri, kina mama wa maandazi na vitumbua, makonda, wanafunzi wa shule za mbali. Anayetembea kwa ajili ya mazoezi tu, namshauri bila kusita asogeze muda hadi saa kumi na mbili na nusu. Hilo peke yake linampunguzia mbwa wengi kuliko fimbo yoyote.

Asiyeweza kusogeza muda achague njia, na njia huchaguliwa mchana. Ipite mara moja jua likiwa juu, ukitazama chini ya mageti. Kibao cha "Mbwa Mkali" si kipimo. Nyumba nyingi zimekiweka na mbwa hawapo, na nyingine hazina kibao lakini mbwa wako wanne. Kipimo ni udongo. Geti lililochimbwa chini, lenye alama za kucha upande wa nje, lina mbwa anayetoka. Uwazi wa sentimita 15 unatosha. Mbwa wa kimo cha kawaida akichimba kidogo tu anapenya. Angalia pia mapagale, hasa yenye kivuli na magunia ya saruji yaliyoachwa, maana majike hupenda kuzalia humo. Jike mwenye watoto hana mzaha hata kama siku zote ulimjua mpole, na hali hiyo hudumu takriban miezi miwili, mpaka watoto waanze kujitegemea. Kwa muda huo natafuta njia nyingine.

Vilevile ukiona madume matano, sita yamefuatana na jike mmoja, ujue jike yuko kwenye joto. Madume hayo yanagombana yenyewe kwa yenyewe, na hasira inaweza kumwangukia anayepita. Hapo geuza njia tangu mbali.

Ukiwa njiani, tembea upande wa pili wa barabara, mbali na geti. Mbwa wa nyumba halindi nyumba tu, hulinda na kipande cha barabara kilicho mbele yake, na kwa kawaida kipande hicho huishia mita kumi hadi thelathini kupita geti. Anayekufukuza anataka utoke kwenye eneo lake. Ndiyo maana kukimbia kunaharibu: mbwa aliyekuwa anakusindikiza tu kwa kubweka, akiona migongo na miguu inakimbia, anaanza kuwinda, na hakuna binadamu anayemshinda mbwa kwa mbio. Wanaokimbia kwa mazoezi wapunguze na kutembea kawaida tangu mita hamsini kabla ya nyumba inayojulikana, na waanze tena kukimbia wakishaivuka. Mwenye baiskeli ashuke, aiweke baiskeli kati yake na mbwa, aisukume.

Mavazi nayo yana kazi. Kanzu, baibui na khanga hupepea, na mbwa aliyepandwa na hasira hudaka kinachopepea. Pindo lishikwe kwa mkono au lifungwe unapokaribia nyumba yenye mbwa. Viatu viwe vya kufunika mguu. Ndala hufanya uteleze wakati unatakiwa kusimama imara.

Nabeba vitu viwili tu. Cha kwanza ni fimbo kavu, urefu kutoka chini hadi nyongani, takriban sentimita 90, unene wa kidole gumba. Watu wengi huinyanyua juu kama wanataka kupiga, na hapo ndipo wanapokosea. Fimbo iliyoinuliwa ni tishio kwa mbwa, na ukipiga ukakosa, umeacha mwili wazi. Ielekeze chini mbele yako, ncha ikiwa karibu na ardhi kati yako na yeye. Inamweka mita moja mbali, na akitaka kung'ata, fimbo ndiyo inayotangulia kufika mdomoni. Mwavuli mrefu wa kufyatuka ni mzuri zaidi kwa anayeona haya kubeba fimbo: ukiufungua ghafla kumwelekea, mbwa wengi hurudi nyuma, na hata asiporudi umepata ngao. Ufyatue akiwa bado mita nne au tano. Akiwa mguuni umechelewa.

Cha pili ni tochi. Mulika ardhini mita kumi na tano mbele, na mara mojamoja inua mwanga usawa wa goti. Macho ya mbwa hurudisha mwanga, kwa hiyo unaweza kuwahesabu kabla hawajaanza kubweka. Macho mawili ni mbwa mmoja. Ukiona manane, rudi polepole utafute njia nyingine.

Kuhusu mawe. Kuinama kana kwamba unaokota jiwe huwatawanya mbwa koko, kwa sababu wamepigwa mawe tangu wadogo na wanajua kinachofuata. Mbwa wa ulinzi aliyekulia ndani ya ukuta hajawahi kupigwa jiwe. Kwake kuinama hakuna maana yoyote, isipokuwa umeshusha uso wako mpaka usawa wa meno yake. Kwa mbwa wa namna hiyo usiiname kabisa. Na kuwarushia mawe mbwa wasiokuwa na neno na mtu, jambo ambalo watoto wetu hulifanya kama mchezo na wakubwa wakatazama tu, kunazalisha mbwa anayemchukia kila apitaye kwa miguu. Hilo linaniuma, kwa sababu anayelipa baadaye ni mama mwenye ndoo ya maandazi kichwani.

Sasa mbwa ametoka na anakuja. Simama. Geuka ubavu, usimkabili kifua kwa kifua, na usimkazie macho. Tazama mabega yake au ardhi iliyo mbele yake. Mikono iwe chini. Zungumza kwa sauti nzito na ya chini, neno fupi kama "rudi" au "nyumbani", bila kupiga kelele nyembamba. Kama unajua jina lake, lite jina. Akisimama, anza kuondoka kwa mshazari, hatua fupi, ukiwa bado unamwona kwa pembe ya jicho. Usimpe mgongo mpaka yeye mwenyewe ageuke.

Muda huo msome. Anayebweka mfululizo huku akienda mbele na kurudi nyuma, nyuma yake ikiwa chini, ana hofu. Mbwa huyo hung'ata ukishampita, na hulenga kigimbi, kwa hiyo usimwache nyuma yako. Anayekuja kimya, moja kwa moja, kichwa usawa wa mgongo, mkia umekaza na nywele za mgongoni zimesimama, huyo amekwisha kuamua. Kwake usingoje. Weka kitu kati yenu mara moja: fimbo, mwavuli, mkoba, hata koti ulilovua. Akidaka mkoba mwachie, huku ukirudi kinyumenyume kuelekea gari, ukuta mfupi au ngazi. Kupanda juu ya boneti ya gari la mtu si utovu wa adabu katika hali hiyo. Utamwomba radhi baadaye.

Kundi ni hatari ya aina nyingine. Mmoja hubweka mbele, wengine huzunguka. Tafuta ukuta uupe mgongo, usiokuwa na geti, kisha sogea kwa ubavu ukiufuata. Elekeza fimbo kwa yule anayetangulia. Yeye akirudi nyuma, wengi humfuata.

Akishakamata mkono au mguu, usiuvute. Meno ya mbwa hutoboa, lakini ngozi na nyama hupasuliwa zaidi na kule kuvuta. Sukuma kuelekea kwake kama unaweza, na piga kelele za kuomba msaada. Ukianguka, jikunje, tumbo na uso chini, ngumi mbili nyuma ya shingo, mikono ikifunika masikio. Watoto wafundishwe hivyo hivyo mapema: kusimama kama mti, na wakianguka kujikunja. Watoto huumia vibaya zaidi kwa sababu kimo chao kinaweka uso na shingo usawa wa mdomo wa mbwa.

Kuna mbwa mmoja ambaye mbinu zote hizi hazimhusu, naye ni mwenye kichaa. Anatembea peke yake hata mchana, anayumba, mate yanamtiririka, taya limelegea, anang'ata mti, jiwe au hewa, hatishiki na fimbo wala hajali jina lake. Usijaribu kumtuliza. Ingia nyumba yoyote iliyo karibu, funga mlango, kisha wapigieni simu serikali ya mtaa na afisa mifugo wa kata. Kipo pia kichaa cha kimya, ambapo mbwa hupooza na kujificha vichakani bila kumsumbua mtu; huyo naye asishikwe, hata akiwa mtoto wa mbwa.

Kinachopunguza hatari kwa muda mrefu ni kuzungumza na wenye mbwa, na lugha ndiyo inayoamua. Nenda jioni, wakati mtu ametulia nyumbani. "Shikamoo mama. Mimi jirani wa nyumba ya kona, huwa napita hapa saa kumi na moja alfajiri. Naomba tusaidiane: mbwa wafungwe kabla geti halijafunguliwa asubuhi." Hilo linakubalika. Ukianza na vitisho vya polisi, umefunga mlango. Omba jambo moja linalowezekana: mbwa wafungwe kwanza ndipo gari litoke, au pengo la chini ya geti lizibwe kwa zege. Matofali yaliyolazwa tu hayafai, mbwa huyasukuma. Salimiana na mlinzi pia, muulize majina ya mbwa, maana yeye ndiye anayeshika komeo. Mwenye mbwa akiombwa mara mbili tatu na bado mbwa wanatoka, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa majirani kadhaa, si peke yako. Ulizeni hapohapo kama mbwa wamechanjwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi hupitisha chanjo ya mbwa karibu na siku hiyo. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa katika eneo.

Ukiumwa, au ukiparuliwa tu hadi ngozi kuchubuka, kazi ya kwanza ni maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Maji yatiririke; bomba kama lipo, jagi kama halipo. Sabuni ya kipande au ya unga, yoyote inafaa. Sabuni huharibu kirusi cha kichaa kikiwa bado jerahani, na ndiyo maana dakika mbili hazitoshi. Kisha paka ayodini ukiwa nayo. Usipake pilipili, majivu, kahawa wala mafuta ya gari. Vinachubua nyama na kumpa kirusi nafasi. Jeraha lisikazwe kwa kitambaa wala kuharakishwa kushonwa.

Siku hiyohiyo nenda hospitali, ukipiga simu kwanza, kwa sababu si kila zahanati ina chanjo. Nenda na fedha, sehemu nyingi dozi hulipiwa. Chanjo ya msulini huchomwa juu ya mkono karibu na bega, kamwe si kwenye kalio, mara nyingi siku ya 0, 3, 7 na 14. Hospitali nyingine huongeza ya siku ya 28. Ya ndani ya ngozi huchomwa sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7. Kama jino limepenya ngozi, uliza pia kuhusu kingamwili za kichaa, zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha. Hizo hazitolewi tena zikipita siku 7 tangu dozi ya kwanza. Uliza na sindano ya pepopunda. Watu huacha baada ya dozi mbili kwa sababu jeraha limefunga, na hilo ni kosa la kufisha. Dalili za kichaa kwa kawaida hujitokeza miezi miwili au mitatu baadaye, na zikishaanza hakuna tiba. Aliyechelewa wiki kadhaa bila dalili naye aende, bado hajapitwa na wakati.

Mbwa mwenyewe asiuawe kama anaweza kufungwa kwa usalama. Afungwe na kuangaliwa siku 10 huku wewe ukiendelea na sindano bila kungoja. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, daktari anaweza kukusimamishia dozi zilizobaki. Akifa au akiwa amekwisha uawa, asizikwe haraka wala kuguswa kwa mikono mitupu. Mfunikeni, watoto na mbwa wengine wakae mbali, na afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo, kwani kipimo hufanywa kwenye ubongo na kichwa kikioza hakipimiki.