Shimo Chini ya Bashi

Mtulinga ukivunjika, sauti yake ni ndogo. Kama kijiti kikavu cha mkaratusi kilichokanyagwa chini ya nguo. Niliisikia Jumamosi moja ya mwaka 2004, hapa Goma, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa kijana wa miaka 14 mwenye mkanda wa njano. Dakika moja kabla nilikuwa nimewaambia, yeye na mwenzake, warudie ule mrusho wa judo.

Tatami aliyoangukia, yaani sakafu laini ya kuangukia, niliijenga mwenyewe, kwa hiyo lazima nianze nayo.

Judo niliikuta jeshini, enzi za Mobutu, ndani ya mafunzo ya kupigana mikono mitupu. Kambini hakukuwa na tatami. Tuliangushwa juu ya nyasi. Kiangazi kikizimaliza nyasi tukaangushwa juu ya udongo, na aliyelalamika aliangushwa mara ya pili. Nilitoka huko na mkanda mweusi pamoja na imani potofu kwamba ardhi ngumu ndiyo inayomfunza mtu kuanguka. Kumbe inamfunza kuogopa. Mtu mwenye hofu hukaza mwili, husukuma makalio nyuma, na akianza kwenda chini hunyoosha mkono kuizuia ardhi. Huyo ndiye anayeumia wa kwanza.

Ukumbi tulioupata ulikuwa ghala la mbao lenye paa la bati, na chini ni makoro matupu, yale mawe ya lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Makoro yana sifa moja: maji ya mvua yanapita kama kwenye chekecheke, hayatuami. Ila yanakata kama chupa. Tulivunja vichwa vilivyochomoza kwa nyundo ya kilo 5, tukajaza mabonde kwa changarawe, juu tukamwaga mchanga mweusi wa volkano na kuusawazisha kwa ubao mrefu na pima maji. Eneo lilikuwa mita 6 kwa 6. Wavulana waliona ni dogo. Niliwaambia kwamba Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alianza shule yake ya Kodokan mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, akiwa na mikeka 12 tu, na mikeka 12 ya Kijapani haifiki hata mita za mraba 25. Sisi tulikuwa na 36. Wakanyamaza.

Juu ya mchanga tulitandika shitingi, yaani karatasi nene ya plastiki, ili unyevu wa ardhini usipande. Halafu fremu: mbao za inchi 8, zimesimamishwa kwa ubavu, misumari ikipigiliwa kutoka nje ili hakuna ncha inayotazama ndani. Ukingo wa juu wa fremu tuliuvalisha vipande vya tairi, kama wenye chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, wanavyovalisha magurudumu yao. Bila hivyo, kifundo cha mguu kitakachogonga ukingo ule hakitasahau.

Unga wa mbao ulitoka kwa fundi jirani na wenzake. Ukitaka sentimita 15 zilizoshindiliwa unamwaga 22, kwa sababu unga unapungua karibu theluthi moja ukikanyagwa. Kwa eneo letu ilikuwa magunia 60, safari tisa za chukudu. Kila gunia lilipita kwanza kwenye chekecheke ya mchanga, kisha nikapitisha sumaku niliyoing'oa kwenye spika iliyokufa. Usicheke sumaku. Katika magunia yale ilinasa misumari 11 na kipande cha wembe.

Unyevu unaupima kwa ngumi. Kamata unga, ubane, fungua mkono. Ukimwagika kati ya vidole kama unga wa muhogo, ni mkavu mno: utakuwa vumbi kifuani na utakimbia miguu. Ukitoa maji, utaoza na kunuka chini ya bashi, lile turubai la juu, na mwezi haujaisha utaona ukungu mweupe. Unaofaa unakaa bonge, na ukiligusa kwa kidole linavunjika. Nilichanganya pia maranda, gunia moja kwa kila mawili ya unga. Maranda yana mchipuko ambao unga hauna, ila peke yake hayafai, yanasagika haraka.

Tulimwaga kwa tabaka tatu. Kila tabaka watoto walilikanyaga wakiwa wameshikana mabega, mstari mmoja, kutoka ukingoni kuelekea katikati, nikiacha katikati pawe juu kidogo, upana wa vidole viwili. Sababu fundi, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, aliieleza vizuri kuliko mimi:

— Yaya, unga wa mbao ni kama maji. Unakimbia mguu.

Kila mwili unaoanguka unausukuma unga kuelekea pembeni. Katikati panaliwa, kingo zinavimba.

Mwisho ni bashi, turubai zito la lori, mita 8 kwa 8, ili kila upande ubaki na mita moja ya kukunja. Letu lilinunuliwa Birere likiwa na madoa ya mazuti. Tulilisugua kwa sabuni, likakauka siku mbili. Lilikuwa vipande viwili, fundi viatu akaviunga kwa mshono bapa, na mshono nikaupeleka pembeni, mahali pasipo na mirusho, maana kidole gumba cha mguu hupenda sana kunasa penye mshono. Wengine hutandika shitingi juu kwa sababu ni rahisi kuipata. Shitingi ikiguswa na jasho inateleza kama ganda la ndizi. Ikae chini, bashi likae juu. Kamba ya nailoni inapita kwenye macho ya bashi na kufungwa kwenye vigingi vya nje, na unakaza pande zinazotazamana, zamu kwa zamu, kama unavyokaza nati za gurudumu la lori. Baada ya siku tatu unakaza tena.

Hayo yote niliyafanya vizuri. Kilichonishinda ni matunzo. Kila wiki ilibidi kufungua upande mmoja, kukunja bashi, kupiga reki, kuurudisha unga katikati na kuongeza gunia moja au mawili. Ni kazi ya saa moja na nusu kwa watu sita. Tulikuwa tunaandaa mtihani wa mikanda, nikaona saa moja na nusu ni nyingi, nikairuka wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na wiki hizo zote jozi zote zilirusha mahali pamoja, katikati, kwa sababu hapo ndipo mwanga wa mlango ulipoangukia na hapo ndipo nilipoweza kuwaona vizuri.

Hatari ya bashi lililokazwa sawasawa ni kwamba linadanganya. Linapita juu ya shimo kama ngozi inavyopita juu ya mdomo wa ngoma. Ukitazama, ni tambarare. Ukipita haraka, husikii kitu.

Mrusho ulikuwa ippon-seoi-nage wa kulia, ule wa kumpitisha mtu begani. Tori, kwa Kijapani anayerusha, anavuta mkono wa kulia wa uke, yaani anayerushwa, kwa kuukamata kwenye mkunjo wa nguo karibu na kiwiko, anageuka, anapitisha mkono wake wa kulia chini ya kwapa la uke, anakunja magoti kidogo hadi kiuno chake kiwe chini ya mkanda wa mwenzake, kisha anainua kwa miguu na kumpitisha begani. Watoto wengi hufikiri kazi imeisha hapo. Haijaisha. Mkono wa kushoto hauachii nguo hata sekunde moja. Unavuta kuelekea juu, kama mtu anayenyanyua bidoni, yaani dumu, la maji, na ni mvuto huo unaomgeuza uke ashuke kwa mgongo mpana, aipige tatami kwa mkono wake ulio huru. Ukiachia, uke anashuka kwa upande, na kinachofika chini kwanza ni ncha ya bega.

Tori wangu aliingia vizuri. Mguu wake wa kulia ukakanyaga mdomo wa shimo, bashi likabonyea, akaenda chini kwa goti, na katika kujiokoa akaachia nguo. Yule wa mkanda wa njano alikuwa na maanguko mazuri kuliko wote: kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, pumzi nje, mkono ukipiga kwa kigasha na kiganja pamoja, si mbali na mwili, kama nyuzi 40. Nilimpigisha maanguko 20 ya kulala, 20 ya kuchuchumaa na 20 ya kusimama kila zoezi. Hayakumsaidia kitu, kwa sababu mwili haukupewa nafasi ya kugeuka.

Aliketi mwenyewe. Sikuhitaji kumuuliza panauma wapi: mkono wa kushoto ulikuwa umekishika kiwiko cha kulia, na kichwa kimeinama upande wa bega lililoumia. Ukimwona mtu amekaa hivyo baada ya kuangukia bega, fikiria mtulinga kabla ya kitu kingine chochote, wala usimvute mkono "kuurudisha". Nilitazama ngozi juu ya mfupa: imevimba, lakini haikusukumwa na ncha. Nikabonyeza kucha ya kidole chake, nikaachia, wekundu ukarudi kabla sijahesabu mbili. Akaweza kuchezesha vidole vyote. Kimono hatukumvua. Kitenge cha mama mmoja aliyekuwa mlangoni kikawa kombeo, na mkanda wangu ukafunga mkono ule kifuani usitikisike. Pikipiki nilizikataa, kwa barabara zetu za makoro kila shimo lingempiga mfupani. Tulitembea naye polepole hadi hospitali.

Mama yake alifika tukiwa bado tunasubiri picha. Hakupaza sauti.

— Muzee, mtoto nilikukabidhi mzima.

— Ndiyo, Mama. Kosa ni langu.

— Siyo la mwenzake?

— Hapana, Mama. Mwenzake alikanyaga shimo nililopaswa kuliziba.

Akanitazama kwa muda, akaketi upande wa pili wa mwanawe.

Jumapili tulifungua bashi. Palipomvunja mtoto palikuwa na shimo la ukubwa wa beseni la kufulia, na chini yake unga ulikuwa sentimita 4. Kwenye fremu ulikuwa umepanda hadi 21, umegandamana kama tofali. Fundi alitia kidole, akakitoa, hakusema neno. Tuliutoboa unga wote kwa jembe, tukaurudisha kwa tabaka tatu kama mwanzo, tukaongeza magunia manane.

Tangu siku hiyo eneo liligawanywa sehemu nne kwa chaki, na jozi zinahama kila dakika 10. Mirusho ya mkanda mweupe na wa njano inaangukia juu ya matela, yaani magodoro, kuukuu hadi nione mkono wa nguo hauachiliwi. Morote-gari, ule wa kukamata miguu yote miwili, niliuondoa kwa watoto, japo ndio niliopenda kuliko yote nikiwa askari: unamshusha mtu wima, kisogo kikiwa nyuma, na juu ya tatami ya unga hujui chini kuna nini. Shirikisho la kimataifa lilipoanza kuadhibu kukamata miguu mwaka 2010, na mwaka 2013 likaufunga mlango kabisa, wazee wenzangu walinung'unika. Mimi sikuona cha kulilia.

Na kabla ya kila zoezi, bidoni. La lita 20, limejaa maji, mfuniko umekazwa, unaliachia kutoka usawa wa goti. Mahali pazima linasema du na kubaki palepale. Penye unga mwembamba linasema ta, na linaruka kidogo. Sikio linajifunza tofauti hiyo kwa siku mbili. Unapima kila hatua mbili, mstari kwa mstari, na penye ta pawekewe chaki.

Mfupa uliunga kwa wiki sita. Maanguko nilimkataza hadi miezi mitatu ipite, na katika miezi hiyo alikuja hivyohivyo, akaketi pembeni na kuhesabu kwa sauti sekunde za kesa-gatame, ule mbano wa kumlaza mtu chini, za wenzake. Wakati ule ippon, yaani ushindi kamili, ilitaka 25, leo ni 20. Siku niliyomruhusu kuvaa kimono alifika mapema kuliko wote. Nilipoingia alikuwa tayari ameshika bidoni kwa mikono miwili, analiachia, anainamisha kichwa kusikiliza, anasogea. Kwenye mstari wa tatu akaliachia mara moja, akarudia, akarudia tena.

— Muzee, hapa panasema kitu kingine.

Nikasikiliza. Haikuwa du, haikuwa ta. Tukafungua kamba za upande ule, tukakunja bashi. Katikati ya maranda palikuwa na kiota kisafi cha mviringo, na ndani yake watoto sita wa panya, wekundu, macho bado hayajafunguka.