Boneti la baridi: siku moja ya mkagua magari Mwanza

Saa 12:20 asubuhi, Nyakato

Tangazo la Toyota IST linasema: "IST namba D, injini haijafunguliwa, AC baridi, maelewano yapo." Salamu hazijaisha, kiganja kiko juu ya boneti. Likiwa na vuguvugu, ukaguzi unaahirishwa, maana gari lililowashwa kabla hujafika ni kama mgonjwa aliyemeza dawa ya homa njiani kwenda hospitali. La leo ni baridi.

Kifuniko cha rejeta kinafunguliwa sasa, maana gari likishapata moto hakifunguliwi tena. Ndani tunataka kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, nyekundu au kijani. Maji ya rangi ya kutu maana yake mwenye gari amezoea kujaza ya bomba. Kisha raba ya kifuniko chenyewe. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyatuliza ni presha inayoshikwa na kile kifuniko. Raba ikichoka, gari linachemsha kwenye foleni ya Mabatini, na fundi mwenye haraka anang'oa themostati, mlango wa maji ya kupoza, isiyo na kosa.

Ufunguo ukifika ON, kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, ama balbu imeungua, ama kuna mtu ameizima kwa makusudi ili usiione. Hapo ndipo unawasha na kusikiliza. Cheni ya taimingi ikikwaruza sekunde moja au mbili, ni oili inapanda. Ikiendelea, cheni imelegea. Moshi wa bluu wa dakika ya kwanza ni sili za valvu. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua, fikiria hedi gasketi, kizibo kilicho kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku.

Saa 2:00

Injini imepata moto, ni zamu ya kupima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Koili nne na plagi nne nje, soketi za injekta zimechomolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, starta inazungushwa mpaka mshale wa geji usimame. Betri iwe nzima, la sivyo namba zote zitakuwa za uongo.

Kitabu cha 1NZ-FE, injini ya gari hili, kinasema 213 psi (kipimo cha presha) kwa injini nzuri, 156 ndiyo mwisho, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Ila namba hizo ni za usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo injini nzima kabisa hapa Mwanza itasoma 185 au karibu na hapo. Kuna injini nyingi zimeitwa "zimekufa" kwa sababu fundi alisoma kitabu akasahau mlima.

Hii inatoa 168, 165, 167, na ya nne 131.

Dalali ananyamaza. Kijiko kimoja cha chai cha oili kinamiminwa kwenye silinda ya nne, kisha inapimwa tena: 134. Ingekuwa ringi za pistoni, oili ingeziba na namba ingepanda sana. Haikupanda, basi hewa inatokea juu, kwenye valvu au hedi gasketi. Gasketi ikiungua katikati ya silinda mbili, mara nyingi zote mbili hushuka pamoja. Hapa ya tatu ni nzima na kulanti ni safi, kwa hiyo nakisia valvu. Kwa vyovyote hedi itafunguliwa.

"Fundi, usiniharibie biashara."

Saa 4:00, kilima cha Bugando

Kilima hiki ni kipimo cha bure. Simama katikati ya mpando, vuta hendibreki, weka N, achia pedali. Likirudi nyuma, waya au brekishuu. Kisha D: gia ichukue ndani ya sekunde mbili. Ikikawia halafu ikapiga kishindo, vuta stiki ya oili ya giaboksi unuse. Harufu ya kuungua haidanganyi. IST hii inatumia oili ya giaboksi aina ya T-IV. Ndugu zake wenye CVT, giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua, wana oili yao, na kuwajazia ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya kawaida ni kununua giaboksi nyingine.

Saa 6:00 mchana, juu ya shimo

Gari limeinuliwa kwa spesa, vipande vya kuongeza kimo, za inchi mbili. Barabara za vilimani zina mawe, inaeleweka, lakini kwa gari dogo namna hii mimi naishia inchi moja. Zaidi ya hapo shafti zinazozungusha magurudumu zinakaa mshazari, buti za CV (mipira inayofunika jointi zake) zinapasuka, na grisi inaonekana kama hapa: imetapakaa upande wa ndani wa rimu ya kushoto. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, haikupigwa baadaye. Tairi zimelika upande mmoja.

Silensa imekatwa ili lingurume. Injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kusukuma hewa) tayari imepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa mwinuko huu, na kelele hairudishi hata nguvu ya farasi mmoja.

Mkanda wa kiti unavutwa hadi mwisho wake. Ungekuwa na mstari wa tope, gari lingekuwa limewahi kuoga mafuriko. Kapeti linafunuliwa: hakuna kutu, hakuna harufu ya dagaa.

Saa 8:30

Karatasi. Namba ya chasisi inasomwa kwenye chuma chini ya boneti, siyo kwenye kadi, kisha zinalinganishwa. Faini za trafiki zinaangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari, bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), na deni la maegesho pia. Mkataba unapita kwa wakili, halafu uhamisho wa umiliki TRA (mamlaka ya mapato). Kumaliza pesa yote huku kadi bado ina jina la mtu wa tatu ni kujitafutia kesi.

Saa 11:00 jioni

Mnunuzi anapewa orodha: hedi, buti mbili za CV, tairi mbili, silensa. Muuzaji anashusha, lakini si kwa kiasi cha hedi. Wameachana kwa heri.

Dalali anapiga simu: ana nyingine Igoma, kesho asubuhi. Naomba kitu kimoja tu, asiliwashe.