Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya chuo

Kuna utani mmoja nadhani upo kila chuo, eti ukienda kliniki ya chuo na jino unapewa Panadol, ukienda umevunjika mguu Panadol, ukiachwa na mpenzi Panadol asubuhi na jioni. Mimi ndo nesi wa hiyo kliniki. Utani wote naujua, wengine wananitolea huku nawafunga mkanda wa presha mkononi. Basi nimeona niandike siku yangu inavyoenda, siku ya kawaida ile ya mitihani ikiwa inakaribia. Wagonjwa nimewachanganya makusudi, wa leo na wa zamani, kwa hiyo usijitafute humu.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua. Wa kwanza kuhudumiwa sio mtu, ni friji ya chanjo. Naangalia kipimajoto, inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8, naangalia pia usiku ilipanda mpaka ngapi na ilishuka mpaka ngapi, naandika kwenye ile karatasi ya mlangoni nasaini. Watu wanaogopa joto tu lakini baridi nayo ni mbaya, kuna chanjo zikiganda ndo basi tena, hata uziyeyushe hazifai, kama ya homa ya ini B. Halafu boksi la dharura, adrenalini haijapitwa na muda, mtungi wa oksijeni una gesi, mashine ya kushtua moyo taa yake ya kijani inawaka. Vitu ambavyo unaomba mwaka uishe hujavigusa, ila mtu akipata mzio mkali baada ya sindano huna dakika za kwenda kutafuta ufunguo wa kabati.

Saa 2. Benchi limejaa, na kwa haraka haraka nusu yao ni mafua. Hapa niseme kitu kinachonikera. Mwanafunzi ana mafua, yeye anajua ni mafua, mimi najua ni mafua, dawa yake ni kupumzika na maji ya kutosha na kitu cha kushusha homa, lakini idara imemwambia bila barua ya kliniki ile praktiko aliyokosa hairudiwi. Kwa hiyo anajiburuza kutoka kitandani na homa yake, anakuja kukaa benchi moja na mwenzie mwenye pumu, anakohoa saa nzima, ili mimi nimwandikie kwamba juzi alikuwa anaumwa. Juzi yenyewe mimi sikumwona! Naandika tu "anaeleza kuwa" na kugonga muhuri. Kuna vyuo vimeamua mwanafunzi akiumwa siku chache ajaze fomu mwenyewe, kliniki ibaki kwa wanaohitaji kliniki, na mimi naunga mkono mia kwa mia. Atakayedanganya anadanganya hata sasa hivi, tena na muhuri wangu juu.

Kati ya hao wa mafua ndo anatokea ambaye sio mafua. Kijana mmoja mrefu, koo linamuuma vibaya mno, anataka "antibayotiki kali". Kila mtu anataka kali. Nikamwambia fungua mdomo sema aaa, mafindofindo yamevimba yana utando mweupe, homa anayo, kikohozi hana. Hivyo vitatu vinakusukuma kufikiria bakteria. Lakini uchovu wake ulikuwa wa karibu wiki mbili na tezi za nyuma ya shingo zilikuwa zimejaa, sio za mbele tu, nikampeleka kwa daktari na kipimo cha damu kikaja kuonyesha ni vile virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vinapita kwenye mate na vinawapenda sana watu wa umri wa chuo. Sasa huyu angepewa amoksilini angeweza kutoka upele mwili mzima na asipone, maana antibayotiki haiui virusi. Kilichomuuma sio hilo, kilichomuuma ni kuambiwa asicheze mpira kama mwezi hivi. Bandama inavimba kwenye ugonjwa huu, ukipigwa kiwiko cha tumbo inaweza kupasuka ukavuja damu ndani kwa ndani. "Dada, tuna fainali Jumamosi." Utakaa benchi ushangilie. Akanuna lakini akaelewa.

Saa 4. Binti kaandikisha mapokezi kwamba anataka kupima wingi wa damu. Mlango ulipofungwa akasema, "Dada, sio damu." Hii naijua. Mapokezi ni dirisha, nyuma yako kuna foleni ya watu unaosoma nao, nani atataja shida yake pale? Mimi siku hizi sisomi hata kilichoandikwa, nauliza tu, nikusaidie nini leo.

Kondomu ilipasuka Jumamosi usiku, leo Jumanne. Tukahesabu pamoja kwa vidole, kama saa 60. Nikamweleza kwamba vidonge vya dharura vile vya kawaida vya levonogestreli vinashauriwa ndani ya saa 72 na kila saa inavyopita nguvu inapungua, kuna vya aina nyingine vya ulipristali vinaenda mpaka saa 120, na kuna kitanzi cha shaba ambacho kikiwekwa ndani ya siku 5 ndo kinazuia vizuri kuliko vyote na kinabaki kukukinga miaka. Alishangaa hapo kwenye kitanzi, alidhani ni cha wanawake waliokwisha kuzaa tu. Hapana. Akauliza kwa sauti ya chini kama kidonge kinatoa mimba, nikamwambia hakitoi, kinachelewesha yai lisitoke, kama mimba ilishatunga hakifanyi kitu. Akachagua kidonge, akameza pale pale mbele yangu, nikamwambia ukitapika ndani ya saa 2 au 3 rudi, na hedhi ikichelewa zaidi ya wiki njoo tupime.

Angeweza kutoka hapo, mambo yameisha. Ila kondomu ikipasuka haipasuki kwa ajili ya mimba peke yake. Nikamuuliza kuhusu mwenzake, kama hali yake ya VVU anaijua, kwa sababu dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, nazo zinaanzwa ndani ya saa 72 na zinamezwa siku 28, hiyo ni saa ile ile inayogonga. Walikuwa wamepima pamoja kabla, na nilivyomuuliza uliza nikaona hapo hatari ni ndogo, tukaliacha. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, kupima leo ni mapema mno, nikampa miadi ya wiki 2, ni mkojo tu kwenye kikopo. Akaondoka pia na karatasi ya njia za uzazi wa mpango, maana alikuwa akitegemea kalenda ya kwenye simu, na kipimo cha damu tukafanya kweli kwa sababu nilipomvuta kope chini niliona weupe. Kwa hiyo hakudanganya mapokezi hata kidogo.

Hiyo ndo huduma ya msingi ninayoijua mimi. Lile Azimio la Alma-Ata la 1978, la mkutano wa kimataifa wa afya, lilisema huduma ya afya ya msingi ni pale mtu anapokutana na mfumo wa afya kwa mara ya kwanza, na kwa wengi wa hawa ni kweli kabisa, nyumbani walikuwa wanapelekwa, hapa ndo mara ya kwanza wanakuja wenyewe. Ukimuuliza una mzio wa dawa gani anakwambia subiri nimuulize mama. Chanjo umemaliza? Subiri nimuulize mama.

Na mama mwenyewe anapiga simu. Saa 5:30, simu ya mezani. "Mwanangu amesema alikuja hapo kwenu, ana shida gani?" Mama yangu, siwezi kukwambia kama alikuja au hakuja. "Mimi ndo nimemzaa!" Najua mama, ila ni mtu mzima huyo, habari zake ni zake, mpigie yeye atakwambia. Hapo nilipewa maneno kidogo, nikayapokea. Namwelewa kabisa, na ningekuwa mimi ningepiga pia, lakini siku nikitoa siri ya mmoja jioni bweni zima linajua na kesho benchi langu halina mtu mwenye shida ya maana, wanabaki wa mafua.

Saa 7 mchana. Miguu juu ya kiti, nusu saa. Hakuna cha kusimulia.

Saa 8 wenzake wamemshika kijana mikono huku na huku, moyo unamwenda mbio, anadhani anakufa. Mapigo 118 kwa dakika, presha imepanda kidogo, oksijeni 99, daktari akamfanyia kipimo cha umeme wa moyo, mbio tu, mpangilio wake mzuri. Nikauliza umekunywa nini tangu jana. Vinywaji vya enaji. Vingapi? Makopo manne. Makubwa au madogo? Makubwa. Sasa kopo la nusu lita mara nyingi lina kama miligramu 160 za kafeini, zidisha kwa nne ni 640, na mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku nzima, huyu kazimaliza usiku mmoja tumbo tupu bila kulala. Na kidonge cha mtu hujameza? Kimya. Akamtazama rafiki yake, rafiki akatazama dari. Nikawatoa wenzake nje. Alikuwa ameazima dawa ya mwenzie anayetibiwa tatizo la umakini, eti inasaidia kukesha. Sikumfokea, ukifoka safari ijayo hakwambii. Alilala kitandani kwetu tukimwangalia mpaka saa 10 na nusu, mapigo yakashuka mpaka 84, akaomba radhi, akaondoka kwenda kulala. Natumaini.

Akiwa bado amelala, saa 9:30 akaja mwingine anayetaka dawa ya usingizi. Na huyu alikuwa mchangamfu, ananitania, ndo hao wa kuangalia. Halali tangu lini? Tangu muhula uanze. Unakula? Kidogo. Mara ya mwisho kufurahia kitu? Hapo akanyamaza. Nikampa lile dodoso la maswali 9 la sonona ajaze mwenyewe, mimi nikajifanya napanga bomba za sindano. Alama zinaanzia 0 mpaka 27, yake ikatoka 16, lakini macho yangu huwa yanakimbilia swali la mwisho kwanza, lile la kuwaza bora ufe au kujidhuru. Alikuwa ameweka alama "siku kadhaa". Nikaacha sindano, nikavuta kiti, nikamuuliza waziwazi, umewaza kujiua? Wengi wanaogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo, hapana, wazo kama lipo lipo tayari, ukiuliza anapata pa kulitua. Alikuwa amewaza, hakuwa na mpango wala hajaandaa chochote, na ana dada yake anayeongea naye kila siku. Sikumpa namba ya mshauri apige mwenyewe, mtu wa hali hiyo hapigi. Nilifunga chumba nikatembea naye hadi ofisi ya ushauri, nikangoja mpaka akaingia, kesho kutwa ana miadi na daktari wetu. Watu kwenye benchi walilalamika nimeenda wapi. Walalamike tu.

Saa 11 ni majibu ya maabara na simu. Kuna mmoja klamidia imetoka chanya, hana dalili yoyote, alipima tu kwa sababu tulikuwa tunapima, na ndo ilivyo kwa wengi, haiumi haiwashi ila inaweza kuharibu mirija ya uzazi taratibu. Dawa yake ni dosisaiklini mara 2 kwa siku kwa siku 7, hakuna kukutana na mtu hadi amalize, na wenza wake wanaitwa nao watibiwe, la sivyo tunazungushana. Simu hapokei. Majibu huwezi kuyaandika kwenye meseji, kwa hiyo nikatuma tu, habari, naomba upite kliniki, sio dharura. Dakika haijaisha akajibu, "Nesi nakufa???" Hapana. "Niambie basi hapa hapa." Siwezi, njoo kesho saa 2. "Nije na mshkaji wangu?" Njoo peke yako.