Jinsi nilivyowasha swichi za mtandao kwenye raki yenye soketi za C13

Raki (kabati la vifaa vya mtandao) ilikuwa na soketi za C13 (aina ya nyaya za kompyuta, 10 A) na C19 (kubwa zaidi, 16 A) tu, umeme 230 V; vifaa vilikuja na plagi za Kiingereza za pini tatu. Kurundika adapta ni hatari: hulegea na kupata moto. Nilitumia nyaya za C14 (plagi inayoingia kwenye soketi ya C13) kwenda C13, 10 A, shaba ya 1 mm². Swichi moja ya PoE (inayopeleka umeme kwa vifaa kupitia waya wa mtandao) ilizikataa, kwani tundu lake ni C16 lenye kijino. Ikapata waya wa C15, wenye pengo la kijino hicho.

Nyaya hizi hazina fyuzi ya plagi, hivyo safu ya C13 nikaifungia breka ya 10 A. Kifaa chenye tundu la C20 (linalopokea waya wa C19) kibaki kwenye C19, hata kama soketi za C13 ziko wazi: kinaweza kuvuta 16 A.